Uzi: Keki ya kofia huanzia ukingoni

Kifimbo Chembamba:
Wakuu salaam. Maswali ya keki za umbo la kofia yamekuwa mengi, na ukiyachunguza karibu yote yana mzizi mmoja. Mtu ameoka vizuri, amechonga vizuri, amefunika vizuri, halafu mwishoni kabisa ndipo anakumbuka kwamba kofia ina ukingo. Anasukuma fondanti laini (kinyunya cha sukari cha kufunikia keki), anaizungushia chini, na anachopata ni ndoo iliyopinduliwa juu ya sahani.

Msimamo wangu ni huu, na wa kunipinga karibuni: ukingo ndio kofia. Kichwa cha kofia ukikikosea kidogo utepe utakusitiri. Ukingo hauna pa kujificha. Kwa hiyo kazi inaanza nao, siku mbili tatu kabla hujawasha oveni.

Fondanti ya kawaida, iwe ya kununua au ya kujitengenezea kwa sukari ya aisingi, jelatini, glukosi na glisirini, imekusudiwa kubaki laini. Glisirini imo humo kwa kazi hiyohiyo, kuzuia isikauke. Sasa wewe unataka ikauke na isimame ikiwa imepinda. Haitatii hata uibembeleze vipi. Ikande pamoja na tailozi (unga wa kukazia fondanti), kijiko 1 cha chai kwa kila gramu 250 hivi za fondanti, ifunge kwenye nailoni isiingie hewa, iache ipumzike saa kadhaa ndipo uisukume. Usiyekuwa na tailozi lakini una gampesti (kinyunya cha sukari kinachokauka kigumu), changanya nusu kwa nusu na fondanti.

Kipimo kinatoka kwenye kichwa, na hapa ndipo wengi huteleza: kichwa cha binadamu si duara. Ni kirefu kutoka paji la uso kwenda kisogoni kuliko kutoka sikio hadi sikio. Keki ya duara iliyowekewa ukingo wa duara haionekani kofia hata uipake rangi gani. Chukua keki ya duara ya sm 20, kata katikati uondoe ukanda wa sm 4, kisha unganisha nusu mbili kwa ganashi (chokoleti iliyochanganywa na krimu). Umepata umbo la yai, 20 kwa 16. Ncha mbili zitakuwa zimechongoka kidogo, zikwangue kwa kisu. Ukingo wa sm 7 kila upande unakupa yai la 34 kwa 30, maana yake ubao wa kuwekea usipungue sm 40.

Chora ukingo kwenye karatasi kwanza. Kunja karatasi mara mbili iwe robo nne, kata robo moja, ukifungua pande zote zinalingana. Sukuma fondanti ifikie unene wa milimita 4. Chini ya 3 itavunjika ukiinyanyua, juu ya 5 kofia inakuwa nzito machoni. Nyunyiza wanga wa mahindi kwenye ubao ulioulaza. Kama ni kofia ya wachunga ng'ombe wa Marekani, pande mbili hunyanyuka na mbele na nyuma hushuka, basi viringisha tishu za jikoni uziegemeze chini ya pande zinazonyanyuka. Ukishika umbo, toa vitegemezi, uweke juu ya waya wa kupozea keki ili chini nako kupate hewa. Feni inasaidia. Jua halisaidii: linalainisha sukari na kupausha rangi, hasa waridi na zambarau.

Sasa kichwa. Keki iwe ya kushikamana, ile ya siagi ambayo unga, siagi, sukari na mayai vina uzito sawa. Sponji nyepesi ikiguswa na kisu inamong'onyoka. Ipoze kabisa, iweke kwenye friji usiku kucha au friza hadi iwe ngumu kiasi, kisha chonga kwa kisu cha meno, kidogokidogo, ukiizungusha na kuitazama kwa mbali kila mara. Bonde la juu na mibano miwili ya mbele ichonge kwa kina kuliko unavyotaka ionekane. Ganashi itaingia hapo na fondanti itaingia hapo, na vyote viwili vinajaza. Bonde la sentimita moja litamezwa lote, utabaki na kofia bapa.

Ganashi: chokoleti nyeusi sehemu 2 kwa krimu sehemu 1 kwa uzito, chokoleti nyeupe 3 kwa 1. Joto likiwa kali ongeza chokoleti. Paka tabaka jembamba la kushika chengachenga, liache ligande, kisha paka la pili na ulisawazishe. Iache usiku ikaze. Fondanti haifichi kitu. Kila kishimo utakachokiacha kwenye ganashi utakiona kesho yake.

Kufunika: urefu wa kichwa 20, mara mbili ya kimo, tuseme kimo ni 12 basi 24, ongeza 5 za kushikia. Sukuma fondanti hadi upana wa karibu sm 50, unene milimita 3 hadi 4. Lowesha ganashi kidogo sana kwa shira au maji. Ukishaitandika, anza kubonyeza ndani ya bonde, usianze pembeni. Ukianza pembeni fondanti inakaza juu ya bonde na kuacha hewa chini yake, na ukija kuisukuma inachanika. Bonde kwanza, kisha mibano, kisha teremka na pande ukifungua mikunjo kwa nje kabla ya kuilaza. Usiivute kwenda chini.

Nimemaliza sehemu ya kwanza. Ulizeni.

Bi Shira:
Asante kwa uzi kaka. Mimi swali langu ni rangi nyeusi. Nataka kofia ndefu ya silinda, ile ya wafanya mazingaombwe. Nimekanda fondanti nyeupe na rangi nyeusi, nimeongeza na kuongeza, bado ni kijivu na sasa imekuwa kama tope, inanata kila mahali.

Kifimbo Chembamba:
Bi Shira, acha kuongeza rangi. Mambo matatu.

Kwanza, iache. Rangi ya jeli huendelea kukolea kwa saa nyingi baada ya kukandwa. Ifunge, iangalie kesho. Kijivu cha usiku mara nyingi asubuhi kimekaribia kabisa weusi. Nyekundu nayo iko hivyohivyo.

Pili, siku nyingine usianzie nyeupe. Anza na fondanti ya chokoleti, au kanda kakao ndani ya nyeupe hadi iwe kahawia iliyokolea, ndipo utie nyeusi. Utahitaji rangi kidogo sana, na ladha haiwi chungu.

Tatu, huo mnato ni unyevu wa rangi. Kanda tailozi kidogo au sukari ya aisingi, pumzisha. Ikikauka kupita kiasi, mafuta meupe ya mgando kwenye viganja, kanda tena. Na rangi za maji zile za chupa usizitie kabisa kwenye fondanti, zitaiyeyusha.

Tabaka Tatu:
Mkuu nakupinga, umesema tukupinge. Hizi tailozi na siku mbili tatu za kukausha ni kumtesa mtu bure. Mimi ukingo naulaza moja kwa moja kwenye ubao, fondanti ya kawaida, naweka keki juu yake, namaliza kila kitu alasiri moja. Wateja hawajawahi kulalamika. Isitoshe, ukingo mkavu nani anaula? Meno yatavunjika.

Kifimbo Chembamba:
Tabaka Tatu, kwa kofia ambayo ukingo wake ni bapa kabisa uko sahihi, sina ugomvi. Kofia ya jua ya kike, kofia ya mkulima, hizo zilaze tu. Ila tazama kofia yoyote ya sufi iliyogandamizwa: ukingo umeachana na meza, na chini yake kuna kivuli. Kivuli kile ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba hiki ni kitu kinachovaliwa. Ukiulaza, kivuli kimekwenda, na hakuna pambo litakalokirudisha.

Kuhusu kula, kweli, ukingo wa tailozi ni mgumu. Hauna sumu, lakini si wa kutafuna kwa raha. Fondanti ya kichwa inabaki laini, hiyo ndiyo italiwa na keki. Ukingo hutolewa kwanza.

Tabaka Tatu:
Hapo kwenye kivuli nimekuelewa. Lakini bado kofia ya jua nitailaza.

Kifimbo Chembamba:
Ilaze. Ila izungushie mshipi mwembamba wa fondanti ukingoni, upana wa sentimita moja, uukunje juu ya ncha. Kofia nyingi halisi zina utepe ulioshonwa pale, na kwa keki unaficha ncha iliyokatwa.

Jiko la Kona:
Mimi nimekwama kwenye kuunganisha. Ukingo umekauka vizuri, kichwa kimefunikwa, sasa vinakutanaje? Nipitishe ukingo kwa juu uteremke, au nikalishe keki juu yake?

Kifimbo Chembamba:
Swali zuri sana dada, na nilipaswa kuligawa kwa aina ya kofia, maana jibu linategemea kichwa kimekaaje.

Kichwa kikiwa chembamba juu kuliko chini, kama cha kofia ya wachunga ng'ombe, unaweza kukata tundu katikati ya ukingo ukiwa bado laini, kisha ukauteremsha kwa juu ukishakauka. Tundu liwe kubwa kuliko kichwa kilichokwisha kufunikwa kwa milimita 3 au 4 kila upande. Ukingo mkavu haupindi hata kidogo, tundu likibana utapasuka mikononi. Upenyo unaobaki unazibwa na utepe wa kofia.

Kofia ya silinda ya Bi Shira ni kinyume. Kichwa chake hubana kiunoni na kupanuka juu, kwa hiyo ukingo hauwezi kupita. Hapo usikate tundu. Ukingo uwe bamba zima, katikati ulale kwenye ubao, pande mbili tu ndizo zinyanyuke. Keki ikae kwenye kadibodi nyembamba ya keki iliyokatwa kwa umbo lake hasa, ifunikwe ikiwa juu ya kadibodi hiyo, kisha ikalishwe katikati ya ukingo kwa doa la ganashi. Chini ya pande zilizonyanyuka acha vitegemezi vidogo vya fondanti ngumu, rangi ileile ya ukingo, visionekane.

Na kwa silinda usifunike kwa shuka moja. Kiuno kitakusanya mikunjo yote. Kata duara la juu na ukanda wa pembeni. Urefu wa ukanda ni kipenyo mara 3.14, kipenyo cha 15 kinatoa sm 47, ongeza 2 za kukata. Viringisha ukanda uwe roli, anzia nyuma ya keki, uufungue huku ukiubonyeza. Maungio yabaki nyuma. Kwa kuwa kiuno ni chembamba kuliko juu, ukanda utalegea katikati. Usaidie kwa kiganja cha moto, polepole, utajibana wenyewe.

Jiko la Kona:
Na gundi?

Kifimbo Chembamba:
Maji kwa brashi, karibu makavu. Kwa vitu vizito, robo kijiko cha chai cha tailozi ndani ya vijiko 2 vya chakula vya maji, funika, acha usiku. Asubuhi mabonge yameyeyuka na umepata gundi safi.

Rangi ya Udongo:
Mimi napenda kumalizia, niongeze sehemu yangu kama mwenye uzi ataniruhusu. Kofia ya ngozi: kabla fondanti haijakaza, chukua foili uifinyangefinyange, ifungue, ibonyeze juu ya kofia nzima bila mpangilio. Hiyo ndiyo mikwaruzo ya ngozi. Pitisha kigurudumu cha mshono sentimita nusu kutoka ukingoni. Kisha unga wa rangi ya kahawia kwa brashi kavu, ukolee ndani ya bonde, kwenye mibano na pale utepe unapokutana na kichwa, ufifie sehemu zilizoinuka. Kofia iliyochakaa kidogo hupendeza kuliko mpya.

Kofia ya sufi haitaki kung'aa hata chembe. Bonyeza tishu ya jikoni isiyo na maua, au kitambaa safi kisicho na nyuzi, kisha pitisha wanga wa mahindi kwa brashi laini. Kwa nyeusi tumia unga wa rangi nyeusi, wanga utaacha ukungu mweupe.

Ukitaka kupaka rangi ya kimiminika, yeyusha jeli kwenye vodka. Maji yanayeyusha sukari, alkoholi inaruka haraka kabla haijaidhuru fondanti.

Bi Shira:
Sisi tusiotumia pombe jikoni?

Asali Nyeupe:
Tumia esensi ya limau shosti, inafanya kazi sawasawa.

Rangi ya Udongo:
Asali, soma chupa vizuri. Esensi nyingi za limau zimebebwa na alkoholi, na ndiyo sababu zinafanya kazi sawasawa. Bi Shira, una njia mbili zisizo na shaka. Moja ni unga mkavu kwa brashi, kisha mvuke wa birika kwa mbali, sekunde chache tu, hadi unga ushike. Ya pili naipenda zaidi kwa ngozi: yeyusha siagi ya kakao, changanya na unga wa kakao, paka kwa brashi. Inaganda ikiwa na mng'ao mdogo, na inanukia.

Halafu jamani, vile vimetameta, unga unaong'aa wa kupambia. Kijikopo kikiandikwa hakina sumu, hiyo haimaanishi ni chakula. Tafuta kilichoandikwa kuwa kinaliwa na chenye orodha ya viambato. Kisichoandikwa hivyo kibaki kwenye kadi za salamu.

Mkia wa Kofia:
Wakuu, kofia ya mchawi. Koni ya sm 30 na ncha iliyopinda. Keki inasimamaje?

Kifimbo Chembamba:
Haisimami, kaka. Yaani si keki yote. Chini weka keki hadi sm 15 hivi, kimo hicho kinajibeba bila shida. Juu yake kadibodi nyembamba, chini ya kadibodi vijiti vinne vya kutegemeza vilivyokatwa sawa na kimo cha keki. Kisha ncha yote iliyobaki ifinyange kwa mchele wa kupuliwa uliochanganywa na marshmallow (peremende laini za sukari) zilizoyeyushwa na siagi. Ni nyepesi, inaliwa, na inapinda utakavyo ikiwa bado vuguvugu. Ikandamize kwa nguvu, iache ipoe, ipake ganashi kuziba matundu. Kijiti kimoja kirefu kilichochongwa ncha kipite juu hadi chini kifike kwenye ubao, la sivyo safarini ncha itaondoka.

Mikunjo ya kitambaa kwenye koni usiiogope. Kofia ya mchawi iliyonyooka haina uchawi. Sukuma fondanti kubwa kupita kiasi, iache ikunjamane yenyewe kwenye kona ya mpindo.

Mkia wa Kofia:
Nyota za dhahabu nizibandike lini?

Kifimbo Chembamba:
Mwisho wa yote, zikiwa zimekauka.

Asali Nyeupe:
Naomba mtusaidie na friji. Nikitoa keki kwenye friji inatoka jasho, rangi nyeusi inachuruzika kwenye ubao, na ukingo unalegea.

Tabaka Tatu:
Hili nalijua. Sukari inavuta unyevu, na keki baridi ikikutana na hewa ya joto mvuke wa hewani unageuka matone juu yake. Usiifute! Ukifuta unaacha alama za vidole ambazo haziondoki. Washa feni, kaa mbali, itakauka yenyewe. Keki ya siagi yenye ganashi, isiyo na matunda mabichi wala kastadi ndani, inaweza kukaa nje mahali penye ubaridi siku moja bila shida, kwa hiyo mara nyingi friji haihitajiki kabisa. Ikilazimu, iweke ndani ya boksi la kadibodi lililofungwa, na ukiitoa usilifungue boksi hadi keki ifikie joto la chumba. Jasho litatokea nje ya boksi.

Kifimbo Chembamba:
Naunga mkono kila neno. Naongeza moja: ukingo usiingie friji abadani. Uliukausha kwa siku mbili, friji itaurudisha ulaini kwa usiku mmoja. Kichwa kiende friji kama ni lazima, ukingo ukae kabatini, vikutane mahali pa sherehe. Beba utepe umekunjwa ndani ya nailoni na brashi ya maji mfukoni. Kufunga utepe ni kazi ya dakika tano.

Jiko la Kona:
Utepe wenyewe tailozi ngapi?

Kifimbo Chembamba:
Nusu ya ile ya ukingo. Unataka upinde bila kupasuka, si usimame. Upana sm 3, unene milimita 2, kata kwa rula. Fundo lake tengeneza pembeni.

Rangi ya Udongo:
Kabla uzi haujalala, kofia ya majani yaliyosukwa. Nimeona watu wanafunika keki kwanza halafu wanabonyeza mkeka wa nakshi juu yake. Ganashi chini inabonyea na nakshi inatoka upande mmoja tu. Bonyeza nakshi fondanti ikiwa bapa mezani, kisha funika kwa vipande, duara na ukanda kama silinda, ukiigusa kwa nyuma ya vidole tu. Na kofia hizo kwa kawaida hushonwa kwa msuko mmoja mrefu unaozunguka kuanzia utosini, kwa hiyo duara la juu lichore mistari ya mzunguko kwa mgongo wa kisu. Juu yake kahawia nyepesi mno kwa brashi kavu.

Mkia wa Kofia:
Siku ya kukata sasa. Keki ina vijiti, kadibodi na ukingo mgumu. Anayekata si mimi, ni shangazi wa mwenye sherehe.

Kifimbo Chembamba:
Mwandikie kikaratasi, kaka, umkabidhi mkononi. Toa utepe, toa ukingo uweke kando. Toa kijiti kirefu kwanza, kisha ncha ya mchele na kadibodi yake pamoja. Vijiti vinne vya chini mwambie idadi yake avihesabu vyote kabla mtoto yeyote hajapewa sahani. Keki yenyewe akate katikati kwa urefu wa yai, kisha vipande vya sm 2.5 kutoka kila nusu. Kisu kirefu, kipitishwe kwenye maji moto na kufutwa kila baada ya mkato, fondanti haitavutika.